Viganja Ndani ya Tangi la Bibi

Kila nikipita penye jengo jipya pale Masasi mjini na kuwakuta mafundi wakimwagia maji ukuta ambao haujakauka, mimi hupunguza mwendo. Harufu ile ya saruji mbichi hunirudisha Newala, ndani ya tangi la Bibi. Ndiyo, ndani. Wenzangu mnakumbuka jiko la bibi zenu na hadithi za jioni. Mimi nakumbuka tangi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, kazi ya baba yake Bibi, aliyejifunza uashi kwa wamisionari. Kwa kuwa sisi wa Newala tunaishi juu na maji yako chini kabisa bondeni, mzee yule alichimba tangi kubwa chini ya baraza, ili mvua ya batini isipotee. Mdomo wa tangi haukuzidi upana wa ungo mdogo. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, mtoto mmoja wa ukoo alifungwa kamba kwapani akashushwa kulisugua, na zamu ilikuwa yake mpaka mabega yagome kupita. Binamu yangu Editha alishuka miaka mitatu, na kila alipotoka alikuwa na maringo ya mtu aliyetoka Ulaya. Ukimuuliza kuna nini mle, anakujibu, "Utajionea."

Mwaka ule mabega ya Editha yaligoma. Nilifurahi hadi chakula kikanishinda. Basi siku yenyewe ya kushuka, kamba iko tayari, Mjomba Osmundi akatokea Masasi na fundi, na nyuma yao lori la kifusi.

Mji ulikuwa umeanza kuchangamka, na kila mwenye nyumba ya zamani karibu na soko alikuwa anaibomoa ajenge maduka. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli ya mwisho, alisimama uani akanyoosha mkono wa kulia. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, tangu alipoanguka mkoroshoni akiwa mtoto.

"Hapa zinakaa fremu nne. Hili tangi tunalifukia leo. Bomba limeshafika, Mama, nani tena anakunywa maji ya bati?"

"Bomba limefika," Bibi akamjibu. "Maji je?"

Mjomba akacheka, lakini nia ikabaki palepale. Mimi nikaangua kilio. Miaka yote ile nangoja, zamu imefika, na tangi lafukiwa mbele ya macho yangu! Bibi hakubishana na mtu. Alinikaza kanga kiunoni, akasema, "Hata maiti huoshwa kabla ya kuzikwa, Osmundi. Mwache mke mwenzangu akalioshe."

Nani angembishia? Dereva akazima lori.

Mle ndani mlikuwa na ubaridi mtamu, na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Nilijaribu pambio moja la kanisani, tangi likaniitikia kwa sauti nene kama kwaya nzima ya akina baba. Nikacheka peke yangu.

"Anza na ukuta wa upande wa kanisani!" Bibi aliniita kutoka juu. "Sugua hasa!"

Nikasugua. Ukoga ulipotoka, nikaona viganja. Vidogo vyote, vimegandamizwa kwenye viraka vya saruji. Kila mtoto aliyeziba ufa alikuwa ameacha chake. Cha Editha kilikuwa bado kipya. Cha mama yangu kilikuwa na herufi ya jina lake. Na chini kabisa kilikuwepo kimoja ambacho kidole cha mwisho kimepinda.

"Mjomba! Mkono wako uko huku!"

Giza likaingia ghafla. Kichwa cha Mjomba kilikuwa kimeziba mdomo wa tangi. Aliwasha tochi ya simu, akamulika ukuta mpaka mwanga ukatua kwenye kile kidole. Kisha akasema taratibu, "Hebu weka wako juu yake, Tekla, nione."

Nikaweka. Vikalingana.

Mnajua alifanya nini? Alitaka kushuka! Miguu ilipita, tumbo likakataa, na fundi na dereva wakawa na kazi ya kumng'oa huku Bibi akicheka hadi akashika ukuta. Kifusi kikaenda kujaza mashimo ya barabarani. Fremu zilijengwa tatu, tangi likabaki. Fundi alinishushia saruji kwenye kopo, nikaziba ufa pembeni ya kiganja cha Mjomba, nikaacha na changu. Bomba nalo lilitoa maji wiki mbili tu. Majirani walipokuja na ndoo, Mjomba ndiye aliyewapokea kwa madaha: "Karibuni, tangi letu hili halina mgao."

Miaka mingi nilijisifu kwamba mimi ndiye niliyeliokoa tangi lile. Mwaka jana zamu ilimfikia binti yangu. Bibi hayupo tena. Mimi nilishika kamba, Mjomba amekaa kitini na fimbo yake. Nikainama nimwelekeze mtoto pa kuanzia, na hapo ndipo akili iliponijia: tangi lina kuta nne, na siku ile Bibi alinitajia mmoja tu, ule wenye mkono wa Mjomba. Nilicheka, na machozi yakanitoka.

Nikamtazama Mjomba. "Ulijua?"

"Siku ileile," alisema. "Haya, mwambie mtoto. Upande wa kanisani. Asugue hasa."