Kisiwa Alichokisimulia Elinami

Elinami hajawahi kukanyaga Hispania, lakini hapa mtaani Xiaobei hakuna anayekijua kisiwa cha El Hierro kama yeye. Mzee huyu wa Same ana miaka kumi na tisa hapa Guangzhou, China. Anakagua na kufunga marobota ya nguo kule soko la Zhanqian kwa niaba ya wafanyabiashara walioko Dar, na kila Jumapili baada ya ibada anakula ugali kwangu, ghorofa ya kumi na moja. Mimi ni Flavia. Kazi yangu ni kupika, na mdomo wangu hauna breki.

Kisiwani huko anaishi binti yake wa pekee, Goodness, anayehudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Kila Jumamosi alikuwa akimtumia baba yake ujumbe wa sauti, kipande kimoja cha historia alichokisikia kwa wazee anaowahudumia. Kesho yake Elinami anatusimulia sisi, kwa madaha, utadhani alikuwepo. Watu wa kwanza walitoka Afrika Kaskazini na mbuzi wao. Mto hawakuwa nao. Walikinga maji yaliyodondoka kwenye mti mmoja ulionasa ukungu. Miaka ya elfu moja mia nne na ushei wakaja wavamizi wa mfalme wa Kastilia, wakawauza wengi utumwani. Mti nao ukaja kuangushwa na dhoruba. Wachora ramani wa Ulaya wakaona pale ndipo mwisho wa nchi kavu, wakaanza kupima dunia kuanzia hapo.

"Mnaona?" Elinami alitamba. "Dunia inaanzia kwa binti yangu."

Tukafika mwaka 1948, ukame mkubwa, watu wakaanza kukihama kisiwa. Hapo historia ikakatika.

Mke wa Elinami alifariki huko Same mwezi wa tatu. Goodness alikwenda kuzika. Elinami alisema anamalizia kupakia kontena, atafuata. Hakwenda. Alikosea, na nilimwambia usoni. Tangu msiba huo binti hakutuma sauti tena.

"Laoban, baada ya ukame ikawaje, bosi wangu?" Haroun, wakala wa mizigo pale jengo la Tianxiu, alimchokoza kila Jumapili. Elinami alimega tonge. Nikamwuliza kwa nini asitafute kwenye simu kama watu wengine. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Dada Flavia, nikisoma mwenyewe, nitamtafuta nimwambie nini? Nimebakiwa na swali hili tu."

Roho iliniuma. Nikamwambia mwandikie, kuuliza si ujinga. Aliandika mbele yangu, akafuta, akaandika tena, mpaka chai ikapoa: "Mwanangu, watu wanauliza baada ya ukame ikawaje." Habari ya msiba hakuigusa, wala msamaha hakuuomba. Niliona. Mimi mropokaji, siku hiyo ndiyo nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata alikuja na jibu. Halikuwa sauti. Ilikuwa linki ya ukurasa wa mtandaoni, na chini yake: "Yote yako humo, Baba."

Alitusomea mpaka mwisho: waliokimbilia Venezuela, volkano iliyolipuka chini ya bahari mwaka 2011, mitambo ya upepo inayowasha taa za kisiwa, mitumbwi ya Waafrika inayotia nanga siku hizi. Haroun akapiga makofi. Watu wakanawa, wakaaga, wakaondoka. Elinami alibaki mezani, simu mkononi.

"Dada Flavia," akasema, "sasa nitamwuliza nini?"