Stoo Iliyojaa Dawa

Nimefundisha usimamizi wa hospitali hapa Eldoret mpaka wanafunzi wangu wa kwanza wakaanza kuniletea watoto wao. Somo lenyewe halina sifa. Daktari akiokoa mtu, familia inamwimbia. Sisi tukihakikisha glavu zipo, hakuna anayejua kama tulizaliwa. Mimi sikujali. Niliwaambia wanafunzi, tena kwa ukali, kwamba wagonjwa wengi huuawa na stoo tupu, na nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Kisha ukaja mgomo. Wauguzi na madaktari wa kaunti walikuwa wamekaa miezi bila mshahara, na wengi nimewafundisha mwenyewe. Niliwaunga mkono. Hata leo nawaunga mkono, ingawa nikisema hivyo roho inaniuma.

Mume wangu alikuwa na pumu. Alilima mahindi Ainabkoi, na baridi ya Julai ya huko haina adabu. Asubuhi moja dawa yake ya kuvuta ilishindwa kumsaidia, midomo ikaanza kubadilika rangi. Nilimtia kwenye gari nikamkimbiza hospitali ya kaunti iliyokuwa karibu. Msimamizi wake alikuwa mwanafunzi wangu, mmoja wa wale ninaojisifu nao kila mahali, na nilijua hatakosa mtu wa zamu.

Alitufungulia geti mwenyewe. Wodi ilikuwa inang'aa, vitanda vimetandikwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Mume wangu alitazama huku na huku, akatafuta pumzi ya kunitania.

"Mwalimu, hospitali yako ni safi sana."

Msimamizi alinivuta kando. "Dawa ziko, mwalimu. Mtu wa kudunga ndio hakuna. Wa mwisho ametoka jana."

Tulikimbilia stoo. Rafu zilikuwa zimejaa; dawa za zamani mbele, mpya nyuma, kama nilivyomfundisha. Alinionyesha sindano ya pumu bila hata kutafuta. Niliishika. Nilijua bei yake, nilijua inavyoagizwa na inavyohifadhiwa. Kiasi cha kumdunga mtu, mimi sikukijua, naye hakukijua. Tulisimama pale, wasomi wawili wa hospitali, tukitazamana.

Alimpigia simu muuguzi wake mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza mgomo. Simu iliita, ikaita. Baadaye nilisikia kwamba walikuwa mjini wakiandamana, na kwa kelele za firimbi hakusikia kitu. Tulimrudisha mume wangu kwenye gari tukaelekea Eldoret, kwenye hospitali ya kulipia, msimamizi akiendesha, mimi nyuma nimemkumbatia. Tulipofika Cheptiret, katikati ya mabibi wanaouza viazi kando ya barabara, mume wangu aliacha kuhangaika. Nilidhani amepata nafuu. Nilimwambia msimamizi apunguze mwendo, mzee amelala.

Tulimzika shambani. Wagomaji walikuja wengi, wakachimba kaburi, wakapika, wakaimba. Nilikuwa na hasira nao na sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Yule muuguzi mkuu alikaa pembeni, hakugusa chakula, viatu vimejaa matope. Nauli ilikuwa imemshinda, alitoka barabarani kwa miguu. Nilimwendea.

"Ungekuwepo, angepona?"

Mama mmoja alinishika mkono akisema ni mipango ya Mungu, niachane na hayo. Sikuachana nayo. Nilitaka anidanganye, na wakati huohuo ningemchukia kama angenidanganya, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kwamba jamaa wa mgonjwa huambiwa ukweli.

Machozi yalimtoka kabla ya jibu.

"Ndiyo, mwalimu. Angepona."

Nilichukua birika nikamjazia kikombe chai. Alikuwa mgeni nyumbani kwangu, na sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.