Kwani Una Boti?

Juzi nilikuwa mtaa wa Gerezani, ofisi ya mwekezaji wa umeme wa upepo. Wamefunga bahari wasimike minara yao, sasa wanaandikisha wa kulipwa fidia. Mama anayekaanga samaki Kariakoo alifika dirishani.

"Una boti?" karani akauliza.

"Sina, mwanangu. Nakaanga samaki."

"Basi hujaathirika."

Mama akakunja baibui hadi kiwiko, akalaza dirishani mkono wenye makovu ya mafuta. "Nimesomesha watoto kwa karai. Samaki hawaji tena mnadani, nikaange upepo?"

"Mwingine!"

Saa saba nikamkuta karani yule yule Kariakoo, sahani mkononi, kasimama mbele ya karai tupu la mama yule.

"Jamani, leo hakuna samaki?"

Nikamjibu, "Kwani wewe una boti?"