Mwaka Mradi Ulipofungwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Sengerema, Muuguzi Mfawidhi alinipeleka moja kwa moja kwa mgonjwa wa UKIMWI. "Mwoshe, mgeuze, kisha ukae na ndugu zake," aliniambia. Dawa hazikuwapo. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba yetu.

Dawa za kufubaza virusi zilipofika, nilikuwa nimeshahamishiwa kituo cha afya kusini mwa jiji la Mwanza. Mradi wa wafadhili uliajiri washauri nasaha na wahudumu wa takwimu, na kliniki ya wenye virusi ikaenda vizuri kwa miaka mingi. Kisha mradi ukafungwa. Wenzetu wa mkataba wakaaga, tukabaki wauguzi wawili na tabibu mmoja. Foleni ikafika getini. Wateja, kama tulivyowaita waliofuata dawa, walifika alfajiri, wakaondoka jioni. Baadhi wakaacha kuja.

Mganga Mfawidhi wetu, mama mpole asiyependa vikao virefu, alikaa nasi kliniki asubuhi nzima akitazama tu.

"Sista Pendo, hawa wote wanaumwa?"

"Hapana, Daktari. Wengi wamefuata dawa tu."

"Sasa mbona tunawapangisha foleni na wanaoumwa?"

Akaagiza waliotulia, yaani wenye virusi vilivyofubaa na wasiokosa dawa, wapewe za miezi kadhaa na wachukulie dirisha la dawa bila kumwona tabibu. Nilimpinga. Nilisema tusipowaona mara kwa mara tutawapoteza.

"Tunawapoteza hivi sasa, Sista, tukiwa tunawatazama," alinijibu.

Foleni ilipungua, nami nikapata nafasi ya kuwafuata waliopotea. Wa kwanza alikuwa Kabula, mchuuzi wa dagaa, mjamzito. Nilimfuata mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, bila sare, na kikapu mkononi kama mnunuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetupotea, mwanangu."

Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nikishinda kwenu, dagaa nani atanianulia? Mvua ikinyesha mtaji wote umekwenda. Nilisema nitarudi nikishajifungua."

"Mtoto hawezi kusubiri hivyo. Njoo kesho, uniulizie mimi. Kabla jua halijakuwa kali utakuwa umerudi hapa."

Alikuja. Tabibu alimwona mapema, akamrudisha kwenye dawa. Alijifungua mtoto wa kike, tukampima mara kwa mara mpaka alipoacha kunyonya. Siku ya kipimo cha mwisho Kabula alikataa kukaa. Nilipomwambia mtoto hana virusi, alimfunga mgongoni upya, taratibu, akaniuliza kama sasa anaweza kwenda sokoni.

Nimestaafu, naishi Buhongwa. Wauguzi vijana hunitembelea na kuniuliza tulifanyaje kazi ile tukiwa wachache. Nawaambia hatukuongeza mbio. Tuliacha kuwachosha wazima, tukapata muda wa wagonjwa. Nawaambia pia kwamba upungufu wa watumishi ni upungufu. Msimruhusu mtu auite uzalendo.

Kuna wateja waliohamia visiwa vya ziwani kipindi cha foleni, kabla hatujabadilisha utaratibu. Niliwatafuta nilipoweza. Vijana wakitaka kujua idadi ya tuliowaokoa, huwa nawatajia kwanza hao ambao sikuwapata.