Makala Isiyo na Jina la Mkuu

Kila aliyeajiriwa kufundisha katika idara ile alikabidhiwa vitu viwili: ufunguo wa ofisi na dodoso la Mkuu. Dodoso hilo Mkuu wa idara alilitunga enzi za ujana wake, alipokuwa akitafiti maji safi, na tangu hapo utafiti wote wa idara ulifanywa kwa maswali yale yale. Unafuta neno "maji", unaweka neno lako, unagawa karatasi, unahesabu alama za vema, kisha unaandika jina la Mkuu kwanza na lako mwishoni. Waliita kazi hiyo utafiti, na hawakuona haya.

Mhadhiri wetu naye alifanya hivyo kwa miaka mingi, maana alikuta watu wakifanya hivyo. Alikuwa mama wa watoto wawili, mke wa fundi majokofu, na mwalimu aliyejua kufundisha hata umeme ukikatika. Macho yalimfunguka siku alipokuwa anapanga madodoso ya wazazi kuhusu usomaji wa watoto, akakuta swali hili: "Je, vitabu vya nyumbani kwenu huchemshwa kabla ya kutumiwa?" Wazazi wengi walikuwa wametia vema kwenye "Mara nyingi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilikatika alipogundua kwamba Mkuu alikwishapiga asilimia za swali hilo na makala ilikwishachapwa. Alikwenda kumwambia. Mkuu alikunja gazeti taratibu, akamjibu kwamba wasomaji wa majarida hawaangalii vitu vidogo vidogo, na kwamba yeye kama mwanamke angefaa kushughulikia zaidi chai ya kikao cha Ijumaa. Alitoka pale damu ikimchemka. Watu wana shahada zimetundikwa ukutani kwenye fremu, na wanautangazia ulimwengu kwamba wazazi wanachemsha vitabu!

Hapo ndipo alipotaka kujifunza kutafiti kwelikweli. Tena alikuwa na haja nayo, kwa sababu chuo kilitoa agizo: hapandi mtu kuwa mhadhiri mwandamizi bila makala moja ambayo jina lake ndilo la kwanza. Cheo hicho amekisubiri tangu kitinda mimba wake hajaota meno, na sasa mtoto huyo anavaa viatu vya baba yake. Chuo kiliwaandalia mafunzo ya kuwajengea uwezo. Mwezeshaji alisoma maandishi aliyoyamulika ukutani neno kwa neno, wakanywa chai, wakapiga picha ya pamoja, wakapewa vyeti. Kwenye cheti chake walikosea hata somo analofundisha.

Basi alijifunza mwenyewe. Aliazima vitabu vya mbinu za utafiti, akavisoma huku akigeuza maandazi jikoni, na mumewe akamtania kwamba sasa hata maandazi yatakuwa na marejeo. Kisha akaomba ruhusa katika shule ya msingi ya jirani, akaenda kukaa darasa la kwanza kila asubuhi ambayo hakuwa na kipindi. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi mtoto anavyojifunza kusoma ndani ya darasa lililofurika.

Mwanzoni alivurunda. Alikaa mbele, karibu na meza ya mwalimu, na mwalimu wa darasa, binti mpole aliyedhani huyu ni mkaguzi, akawa anafundisha kwa kumwangalia yeye. Watoto walisoma kwa sauti moja, safi kabisa. Aliandika: darasa linasoma vizuri, mwalimu ana bidii. Baada ya wiki kadhaa akasoma tena alichoandika na kuona aibu, kwa sababu hapakuwa na kitu alichokiona; yalikuwa maoni matupu. Alizichana karatasi zote. Inauma kuchana kazi yako mwenyewe, lakini hakuna aliyemlazimisha.

Akahamia dawati la mwisho, magoti yakigusa kidevu, akajizuia kuandika chochote ambacho jicho halikukiona. Ndipo alipoona. Watoto wa nyuma hawakuwa wakitazama ubao hata kidogo. Walikuwa wakitazama midomo ya wenzao wa dawati la mbele, ambao waligeuza shingo kidogo ili waonekane, na neno lilipotoka mdomoni kule mbele wao walilidaka na kulipiga kelele kuliko wote. Mwalimu aliposikia sauti ile kubwa aliamini wanajua. Mhadhiri alibadilisha madawati, siku akatazama kutoka dirishani, siku akamwomba mwalimu asomeshe safu moja moja. Kila mara alikuta hali ni ile ile, na mwalimu alipooneshwa alikaa kitini, akasema amekuwa akiwapandisha darasa watoto wasiojua herufi.

Idarani walimpa jina: Darasa la Kwanza. "Darasa la Kwanza, leo mmefundishwa herufi gani?" Walicheka, wao ambao hawajawahi kukanyaga darasa wanaloandika habari zake. Aliwaacha wacheke. Alipeleka makala kwenye jarida moja la nje, ikarudishwa na maswali makali ya wahakiki kila ukurasa. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuandika upya. Ilirudishwa tena, akarekebisha tena. Mwishowe wakaikubali.

Alitangaza habari hiyo kwenye kikao cha Ijumaa. Hata makofi hayajatulia, Mkuu akamkumbusha utaratibu: jina la Mkuu litangulie. Mhadhiri alieleza kwa adabu kwamba Mkuu hakushiriki. Mkuu akasema kinachotoka katika idara yake ni chake, kwa sababu bila idara mhadhiri asingekuwa lolote. Mhadhiri akawatazama wenzake, hasa jirani yake wa ofisi, ambaye aliwahi kuugua na mhadhiri akamsahihishia mitihani yake yote. Jirani alikuwa anakagua kucha zake. Chumba kizima cha watu wazima wenye akili zao, kimya kama maji mtungini. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya Mkuu.

"Bila jina langu," Mkuu alimaliza, "hakuna kitakachotoka humu kwa jina la chuo hiki."

"Sawa, Profesa," alijibu. "Basi kisitoke kwa jina la chuo."

Walidhani anatania. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi, akamwomba ruhusa ya kutumia jina la shule, na makala ikachapwa ikiwa na jina lake peke yake, na chini yake jina la shule. Mumewe alimuuliza kama anajua anachokifanya, maana makala isiyo na jina la chuo haihesabiwi kwenye cheo. Alisema anajua. Mume akakuna kichwa, akasema basi watakula kwa mshahara ule ule, na akarudi kwenye jokofu lake.

Makala ikasomwa. Wizara iliitaja, walimu wa mbali waliandika kuuliza namna ya kupanga madawati, na mkuu wa chuo, alipokuwa akijumlisha machapisho ya mwaka, akauliza kwa nini kazi ya mwalimu wao inahesabiwa kwa shule ya msingi. Asubuhi iliyofuata Mkuu wa idara alibisha hodi mwenyewe ofisini kwa mhadhiri, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi.

"Mwalimu, yaliyopita tuyaache," alisema. "Jarida linakubali masahihisho. Weka jina la chuo, na langu hata likija la pili si neno. Barua ya cheo chako ninaisaini leo leo."

Kalamu alikuwa nayo mkononi. Mhadhiri aliwaza ada za watoto, akawaza miaka yote aliyosubiri, na hatusemi uongo, roho ilimvuta.

"Profesa, naomba kukuuliza," alisema. "Umeisoma?"

Mkuu alishangaa, kana kwamba ameulizwa rangi ya soksi zake.

"Nitaisoma ikishakuwa yetu," akasema.

Mhadhiri aliinuka, akamfungulia mlango.