Ngoma Niliyoipasha Moto

Dada yangu aliimba taarabu Unguja miaka mingi, fidla zimejaa nyuma yake, na vigoma vyangu vya kidumbaki, muziki wa harusi za mitaani, akiviita makelele ya uwani. Mwaka wa sabini tukajikuta wahamiaji Maskati, Omani. Fidla hakuna, basi akazirudia nyimbo za kidumbaki alizotufundisha bibi. Kila harusi wanawake wakamsifu yeye, utadhani kazitunga. Mimi mpigaji hata salamu sikupewa.

Siku ya harusi moja mtaa wa Wattaya, nikipasha ngozi ya ngoma kwenye makaa ili ikaze, nikaiacha makusudi ikauke kupita kiasi. Ikapasuka katikati ya wimbo. Dada akaendelea kwa sauti yake tupu, wanawake wakatokwa na machozi. Hakuna aliyegeuka kuniangalia.