Daktari wa Samaki

"Mama Muthoki, mbona unawapelekea wageni wangu bili kabla sijawauliza maswali?"

"Wageni wako? Na hicho kiti umekalia tangu asubuhi na chai moja, nacho ni chako?"

Miaka ile ya themanini, hapa kwenye mkahawa wangu wa Salama, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, mteja huyo tulimwita daktari wa samaki, ingawa alikuwa karani tu wa utafiti. Aliwangoja watalii waliozamia baharini Mombasa kujifurahisha, mitungi ya hewa mgongoni, kisha wakaelekea Nairobi siku hiyo hiyo. Alisema hewa ile hubaki mwilini, na mtu akipanda huku juu kabla ya kupumzika, inaweza kumlemaza. Alimbonyeza kila mmoja vidole, akiuliza kwa sauti iliyochakaa kama ya mhubiri baada ya mkutano wa wiki nzima, "Unasikia hapa?" Walicheka, wakaenda. Naye alifuta kalamu kwa mkono wa shati, akangoja gari lingine.

Jumamosi moja mwanamke kijana wa kizungu aliangusha kikombe changu, akautazama mkono wake kama si wake. Daktari wa samaki akamlaza kwa benchi. "Msipande juu zaidi. Rudini Mombasa, hospitali." Mumewe akaonyesha saa, ndege yao ilikuwa jioni. "Rudini," akarudia, bila kupandisha sauti, mpaka yule bwana akageuza gari.

Walipoondoka, aliinama kuokota vigae.

"Kikombe nitalipa, Mama."

"Nani amekudai? Rudi kwa kiti chako, daktari."